Watoto wa Januari 1964



Kila tarehe 12 Januari tunapumzika kazini kwa ajili ya kumbukumbu ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964. Hapa Mbezi Beach wengi wetu hushuka ufukweni siku hiyo na kuyatazama maji yale yale yanayotutenganisha na Unguja. Wapo kati yetu waliovuka maji hayo wakiwa watoto, nao sasa ni wazee.

Hatuandiki ili kuyahukumu Mapinduzi. Sababu zake zinafahamika: ardhi nzuri ilikuwa mikononi mwa wachache, na katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha ASP kilipata zaidi ya nusu ya kura kikaambulia viti 13 kati ya 31. Damu nayo ilikwisha kumwagika. Ghasia za Juni 1961 ziliua watu 68. Swali letu ni dogo, na pengine ndilo gumu zaidi: mtoto wa miaka 7 alikuwa amemkosea nani?

Mtoto huyo aliisikia redioni sauti ya John Okello ikitoa amri na vitisho, huku wakubwa wakinong'ona. Wapo ambao baba zao walichukuliwa wasirudi. Wapo waliopakiwa vyomboni pamoja na jamaa zao kupelekwa Uarabuni, nchi ambayo wengi wao hawakuwa wameiona kamwe. Hesabu ya waliouawa ingali inabishaniwa.

Abdulrazak Gurnah alikuwa na miaka 15. Baadaye alikwenda Uingereza, akaandika, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Katika hotuba yake ya kuipokea alieleza jinsi ukatili ulioandamana na Mapinduzi ulivyofunika haki na makosa yake. (Riwaya yake moja imetafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, yafaa iwepo katika maktaba za parokia.) Lakini Gurnah ni mmoja. Wenzake wengi walisoma, wakaoa na kuolewa, wakafungua maduka, wakalea wajukuu, wala hakuna aliyewauliza lolote.

Husemwa kwamba watoto husahau upesi. Sisi hatukubali. Mtoto hunyamaza kwa sababu ameona kuwa maswali yake yanamliza mama. Na ukimya huo wakubwa huuita kupona. Maridhiano ya Novemba 2009, yaliyozaa Serikali ya Umoja wa Kitaifa mwaka 2010, yalikuwa hatua njema, ila yalihusu zaidi ugawaji wa madaraka.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa walei na wa jumuiya ndogondogo wawatafute wazee hao kabla hawajatutoka. Wengi wao ni Waislamu na hawatakuja katika kumbi zetu, basi tuwaendee barazani kwao. Tuwasikilize pia wale ambao wazazi wao walikuwa upande wa washindi, maana nao waliona mambo. Na siku ya kwanza tusibebe daftari.