Pumzi Sita kwa Dakika

Mwaka 2001, BMJ, jarida la tiba la Uingereza, lilichapisha utafiti ambao mapadri na walimu wa yoga wangeweza kuusoma pamoja bila kugombana. Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, na wenzake walichukua watu wazima 23 wenye afya njema, wakawapima moyo, shinikizo la damu na mwendo wa pumzi huku wakisali Salamu Maria kwa Kilatini, na pia wakikariri mantra ya yoga. Imani mbili, jibu moja: pumzi zilishuka hadi karibu sita kwa dakika.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Rozari ikisaliwa kwa kupokezana, kiongozi akianza na waumini wakiitikia, Salamu Maria moja huchukua kama sekunde kumi, na ndani yake anayesali hupumua mara moja tu. Sekunde kumi hizo zina maana yake. Shinikizo la damu lina mawimbi madogo ya kupanda na kushuka, yanayojirudia kila baada ya muda kama huohuo. Pumzi ikienda sambamba nayo, vihisi vilivyomo katika mishipa mikubwa ya shingoni na karibu na moyo huwa vyepesi zaidi kuitikia: shinikizo likipanda, moyo hupunguza mbio, likishuka, huongeza.

Kwa wagonjwa wengi wa presha mwitikio huo umefifia. Mwaka 2005, timu iliyomjumuisha Bernardi iliwapima wagonjwa wa aina hiyo wakipumua mara sita kwa dakika. Mwitikio uliimarika na presha ikashuka papo hapo.

Haya yanawahusu watu wa makundi mawili. Kuna wanaoikwepa yoga wakiogopa kuingizwa katika ibada isiyo yao. Kuna pia wachuuzi wa miujiza wanaoahidi kwamba pumzi itaponya kila kitu, kuanzia kisukari hadi saratani. Wote wamepotea njia. Faida waliyoipima Bernardi na wenzake ilitokana na kupumua polepole, na kupumua polepole hakuna dhehebu. Watafiti hao hata walikumbusha maelezo kwamba rozari ilifika Ulaya kupitia wapiganaji wa vita vya msalaba, walioitoa kwa Waarabu, nao Waarabu wakaipata kutoka Tibet na India. Mwenye tasbihi mkononi ana haki ya kutabasamu.

Wahindi wasinyimwe sifa yao, lakini. Pranayama, yaani mazoezi ya pumzi ya yoga, ni ya kale, na tangu mwaka 1924 Swami Kuvalayananda alikuwa akiyachunguza kwa vipimo vya kisayansi katika kituo alichokianzisha Lonavla.

Si kila zoezi ni pole, hata hivyo. Kapalabhati humtaka mtu atoe pumzi kwa nguvu na kwa haraka. Mwaka 2004 jarida la Chest lilieleza kisa cha mwanamke wa miaka 29 ambaye hewa ilivuja kifuani na kubana pafu baada ya kulifanya kwa kujilazimisha. Kwa pumu, jaribio lililochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Thorax lilionyesha kuwa kifaa kinachoiga pranayama hakikufua dafu mbele ya kifaa bandia. Dawa ya kuvuta ibaki mfukoni.

Mwaka 2013 Shirika la Moyo la Marekani lilikubali kwamba kupumua polepole kwa kuongozwa na kifaa kunaweza kuongezwa kwenye matibabu ya presha, lakini likakataa kuipendekeza yoga kwa kazi hiyo kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Uamuzi mkali, ila wa haki.

Kliniki za presha za Afrika Mashariki zina kila kinachohitajika: benchi, saa ya ukutani na muuguzi. Mgonjwa anaweza kufundishwa kuvuta pumzi kwa pua kwa sekunde nne na kuitoa kwa sita, kwa dakika chache kila siku, huku akiendelea na vidonge vyake kama alivyoandikiwa. Afundishwe baada ya kupimwa, si kabla. Akipumua hivyo kwenye foleni, mashine itamwonyesha daktari presha ambayo mgonjwa hana akiwa nyumbani, na dozi itapunguzwa bure.