Vitabu vya Upelelezi Katika Siku za Likizo

Likizo ya Desemba imekaribia, na watoto wetu watakuwa nyumbani. Wengi wao watashinda kwenye vibanda vya video, wakitazama sinema za ng'ambo ambazo mtu huzifasiri kwa sauti kubwa, na wazazi hawatasema neno. Lakini mwaka jana, katika shule moja tuijuayo sana, wazee wa kamati walitutaka sisi walimu tuondoe kabatini vitabu vyote vya upelelezi, ati vyafundisha wizi na uuaji. Siku ile tulinyamaza, tukasema ni heshima kwa wazee. Leo twakiri ya kuwa haikuwa heshima, ilikuwa woga.

Basi na tukitazame kitabu kimoja katika vile vilivyotolewa. Jina lake ni Mzimu wa Watu wa Kale, na mtungaji wake ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1918, akafanya kazi katika idara ya afya kabla ya kushika kazi ya magazeti. Hadithi hiyo ilishinda katika mashindano ya kutunga hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957-58, ikapigwa chapa mwaka 1960. Wazee wetu waliisoma kwa furaha. Watoto wetu hawajui hata jina lake.

Ndani yake maiti yaonekana mahali pa mizimu, na hofu yaingia mioyoni mwa watu. Hapo atokea Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Bwana Msa hapigi ramli, wala hamkimbilii mganga. Aangalia, auliza, apima maneno ya huyu kwa maneno ya yule, mpaka ijulikane ya kuwa aliyeua ni mwanadamu kama sisi. Je, hayo ndiyo mafundisho ya wizi?

Labda mtu atasema, Mkristo ana haja gani na hadithi za mauaji? Twamjibu kwa mfano. Padre Ronald Knox wa Uingereza, yule aliyeifasiri Biblia nzima kwa Kiingereza, alitunga mwenyewe hadithi za upelelezi, na mwaka 1929 akaziandikia kanuni kumi. Moja ya kanuni hizo yakataza kabisa kuleta nguvu za mizimu au miujiza ziwe ndizo jawabu la fumbo. Padre huyo aliamini mambo ya mbinguni kuliko wengi wetu, lakini hakukubali mtu asingiziwe damu kwa neno lisilo na ushahidi.

Wala jambo hili si la mchezo. Katika nchi ya Usukuma bibi wazee wengi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi dalili iliyotajwa ni macho mekundu. Lakini mwanamke aliyepika miaka hamsini kwa kuni na mavi ya ng'ombe, moshi ukimwingia machoni kila siku, macho yake yatakosaje kuwa mekundu? Mtoto afa kwa homa, ramli yapigwa, jina latajwa, na usiku mapanga yaja. Wauaji wale hawakufundishwa na kitabu cha Bwana Msa. Wangalimsoma, labda mmoja wao angaliuliza: Nani aliyeona? Aliona wapi, na saa ngapi? Na shamba la bibi huyu, akiisha kufa, litakuwa la nani?

Hatusemi ya kuwa vitabu vyote vya namna hii ni vyema. Viko vilivyojaa bunduki na ulevi, navyo havifai kwa watoto. Lakini mkulima hang'oi mahindi yote kwa sababu ya magugu. Mwalimu na asome kwanza, kisha achague. Yeye aliyekwisha kuwa mtu mzima, na atafute pia Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965.

Wala hatuichukii sinema. Mwaka 2021 Amil Shivji alitoa sinema ya Vuta N'kuvute, iliyotokana na kitabu cha Adam Shafi, yenye habari za Zanzibar ya miaka ya 1950. Ilionyeshwa mpaka Toronto, katika nchi ya Kanada. Ni wangapi katika vijiji vyetu walioiona? Twazijua sinema za watu wa mbali, na yetu imetupita mlangoni.

Kwa hiyo, ndugu zetu, twawaomba neno moja. Likizo hii kila nyumba iazime kitabu kimoja, na jioni, kazi zikiisha, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize, pamoja na bibi. Kabla ya sura ya mwisho mfungeni kitabu, mkawaulize watoto: Nani aliyeua, nanyi mwajuaje? Asemaye, "Nadhani tu," aambiwe arudi nyuma akatafute ushahidi.

Na ninyi wazee wa kamati, msitukasirikie. Siku ya kufunga shule vitabu vile vitakuwa kabatini tena, na mlango utakuwa wazi. Karibuni nanyi mchague.