Lori moja, asili mbili: nani huthibitisha utambulisho wake?

Miongoni mwa malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kuelekea Burundi, Rwanda na mashariki mwa Kongo, yapo yasiyofanana tena na yalivyotoka kiwandani. Injini imetolewa kwenye lori lililopinduka, kabini imetoka kwenye jingine, na ekseli zimenunuliwa kwa muuza vipuri. Kwa fundi, hilo ni lori zima lililo tayari kurudi barabarani. Kwa msajili wa magari, ni swali: hili ni gari lipi?

Swali hilo si la makaratasi matupu. Jibu lake ndilo linaloamua nani mmiliki halali, iwapo ushuru umelipwa, iwapo bima itafidia, na iwapo dereva atavuka mpaka au atazuiliwa pamoja na shehena ya watu.

Kwa nini malori mawili hufanywa moja

Sababu ya kwanza ni gharama. Lori lililogongwa mbele huweza kuwa na chasisi na ekseli nzima, huku jingine likiwa na kabini nzuri lakini injini imekufa. Mmiliki mwenye mtaji mdogo huona ni nafuu kuyaunganisha kuliko kuagiza jingine kutoka ng'ambo. Katika maeneo ya vipuri kama Gerezani jijini Dar es Salaam, barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na soko la Kisekka jijini Kampala, kazi ya kufufua magari ni riziki ya kila siku.

Sababu ya pili ni sheria za uagizaji. Kenya, kwa kiwango chake cha KS 1515, hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8. Uganda, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, ilizuia magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, isipokuwa ya aina maalumu. Masharti hayo yana lengo jema la usalama na mazingira, lakini pia huongeza thamani ya gari kuukuu ambalo tayari limo nchini na lina usajili.

Wapo pia wanaofikiri kuwa njia ya mkato ni kuagiza gari lililokatwa vipande na kulitangaza forodhani kuwa vipuri. Hapo kuna mtego. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hufuata mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, na kanuni ya 2(a) ya mfumo huo inasema kwamba kitu kisichokamilika, lakini chenye sifa za msingi za kitu kamili, huainishwa kama kitu kamili. Kinachoitwa vipuri na mwagizaji huweza kutozwa ushuru kama gari.

Chasisi ndiyo mhimili

Nchini Tanzania, magari husajiliwa na Mamlaka ya Mapato, TRA. Kadi ya gari haitaji namba ya usajili na jina la mmiliki pekee. Hutaja pia namba ya chasisi, namba ya injini, aina ya bodi, rangi, mwaka wa kutengenezwa, idadi ya ekseli, uzito wa gari tupu na uzito wa juu unaoruhusiwa. Kenya ina daftari lake chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, nayo Uganda imehamishia kazi hiyo kutoka mamlaka ya mapato hadi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi.

Katika orodha hiyo yote, namba ya chasisi ndiyo inayobeba uzito mkubwa zaidi. Kwa magari mengi ya leo ina tarakimu na herufi 17, na tatu za mwanzo humtambulisha mtengenezaji. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani huwa na namba fupi zaidi, na ufupi huo peke yake si dalili ya udanganyifu.

Kwa hiyo lori lililojengwa upya huwa katika moja ya hali tatu. Hali ya kwanza ni chasisi kubaki ileile na vingine kubadilishwa. Hilo ni badiliko la taarifa: mmiliki humjulisha msajili, gari hukaguliwa, na kadi husahihishwa. Hali ya pili ni kubadilisha chasisi yenyewe. Hapo, hata kama kabini na namba ya usajili ni zilezile, ni vigumu kudai kuwa gari ni lilelile. Hali ya tatu, iliyo nzito kuliko zote, ni kukata chasisi mbili na kuziunga kwa kuchomelea. Lori la namna hiyo lina namba mbili au halina hata moja inayolisemea lote, na uimara wake unategemea mshono ambao macho hayawezi kuupima.

Alama za fundi, alama za mwizi

Ugumu wa jambo hili ni kwamba mwizi wa magari hufanya kazi inayofanana sana na ya fundi mwaminifu. Hununua gari bovu lenye kadi halali, hukata kipande cha chasisi chenye namba na kukichomelea kwenye gari la wizi. Fundi asiyejua sheria huweza kuhamisha kipande hichohicho kwa nia njema, akidhani anahifadhi kumbukumbu ya gari la mteja wake. Mkaguzi akifika, chuma hakitampa tofauti. Ataona mshono, rangi mpya na namba isiyokaa mahali pake. Kuchezea namba ya chasisi ni jambo la jinai, na nia njema haionekani kwa tochi.

Kinachotofautisha wawili hao ni nyaraka zilizoandaliwa kabla ya kuchomelea: mkataba wa mauzo wa kila gari, kadi zote mbili, uthibitisho kwamba hakuna benki inayodai gari lolote kati ya hayo, na taarifa kwa msajili kwamba moja linaondolewa barabarani. Mara nyingi hapa ndipo kosa hutokea. Gari lililokufa halifutwi katika daftari. Kadi yake hubaki kabatini, au huuzwa. Namba isiyo na gari ndiyo bidhaa anayoitafuta mwizi.

Mizani na bima

Kwa malori yanayovuka mipaka, tofauti kati ya kadi na chuma hujitokeza mapema. Chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, uzito wa juu wa lori na mzigo wake ni tani 56. Ekseli moja yenye matairi manne huruhusiwa tani 10, ekseli mbili zilizo pamoja tani 18, na tatu zilizo pamoja tani 24. Lori lililoongezewa ekseli bila kadi kusahihishwa hufika kwenye mizani likiwa na umbo moja na karatasi zenye umbo jingine.

Bima nayo ina macho yake. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo pia hutumika Tanzania ingawa nchi hiyo si mwanachama wa jumuiya hiyo, humfunika aliyeumizwa na gari la kigeni nje ya nchi lilikosajiliwa. Lakini bima hukatwa kwa gari linalotajwa. Ajali ikitokea na ikabainika kuwa chasisi si ile iliyoandikwa, mmiliki hufungua mlango wa mabishano ambayo familia ya majeruhi haina uwezo wa kuyasubiri.

Mfano wa Uingereza

Uingereza kwa miaka mingi ilitumia mfumo wa alama. Chasisi ya asili, au mpya isiyobadilishwa, ilipata alama 5. Mfumo wa springi, ekseli, giaboksi na usukani kila kimoja alama 2. Injini alama 1. Gari lililohitaji kubaki na usajili wake wa awali lilipaswa kufikisha alama 8, zikiwemo zile 5 za chasisi. Vipande vingine vyote vikijumlishwa hutoa alama 9, lakini bila chasisi havikutosha. Gari lililoshindwa lilikaguliwa upya na kupewa namba inayoanza na herufi Q, inayomwambia kila mnunuzi kwamba umri au asili ya gari haijulikani kwa hakika.

Faida ya mfumo huo si ukali wake. Ni kwamba fundi, mnunuzi na afisa waliweza kufanya hesabu ileile kabla ya kazi kuanza.

Kinachokosekana kwetu

Nchi za ukanda huu hazikosi sheria za usajili. Kinachokosekana ni kipimo kilicho wazi kwa gari lenye asili mbili, ufutaji wa haraka wa magari yaliyokufa, na madaftari ya nchi jirani yanayoweza kuulizana kuhusu namba ya chasisi kabla lori halijafika Kobero au Rusumo. Mpaka hapo, mzigo wa uthibitisho utaendelea kumwangukia aliye mwisho wa mnyororo: mnunuzi aliyeonyeshwa kadi nzuri bila kuinama kuisoma chasisi, na dereva anayekabidhiwa ufunguo wa lori ambalo historia yake hakuambiwa.