Tusinunue Sauti Itakayotunyamazisha

Somo: 1 Wakorintho 14:7–9

Katika kikao cha Baraza la Wazee la usharika wetu lililetwa ombi la kwaya ya vijana. Waliomba shilingi laki sita na nusu za kununua pedali mpya ya gitaa la solo. Pedali ni kile kikasha anachokikanyaga mpiga gitaa, na mara sauti iliyokuwa laini inageuka kuwa ya kuunguruma na kukwaruza. Vijana wanaiita distosheni. Nilidhani jambo hili lingetuchukua dakika kumi. Lilituchukua saa mbili, na tukatoka tumenuniana.

Mzee mmoja alisimama akasema hiyo ni sauti ya kuzimu, haina nafasi mbele ya madhabahu. Kiongozi wa kwaya akajibu, "Baba Mchungaji, bila distosheni vijana watahamia kule wanakopiga muziki wa kisasa." Kisha wote wakanitazama mimi. Siku ile niliahirisha ajenda, nikajificha nyuma ya taratibu. Leo sijifichi. Nasema pedali hiyo tusiinunue. Lakini nasema pia kwamba sababu waliyoitoa wazee ni mbaya kuliko pedali yenyewe.

Nianze na wazee wangu, kwa heshima yote. Hakuna sauti ya kuzimu. Shetani hajaumba hata noti moja. Distosheni ni jambo la umeme: sauti ikisukumwa kupita uwezo wa chombo, vilele vya mawimbi yake hukatwa, na hapo huzaliwa milio mingine juu ya ule wa kwanza. Ilianza kama uharibifu tu. Mwaka 1951 bendi moja ya Marekani ilirekodi mjini Memphis wimbo uitwao "Rocket 88", na inasimuliwa kwamba amplifaya ya mpiga gitaa ilikuwa imeharibika safarini. Mlio wake mbovu ukapendwa. Mwaka 1962 mlio wa namna hiyo ulikuwa tayari umetiwa ndani ya kikasha na unauzwa madukani. Ukimtafuta Shetani katika habari hiyo, utakuta fundi na amplifaya mbovu.

Imani yetu nayo inasemaje? Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 7, linafundisha kwamba kwa umoja wa Kanisa yatosha kukubaliana katika mafundisho ya Injili na utoaji wa sakramenti. Taratibu zilizowekwa na wanadamu si lazima zifanane kila mahali. Mlio wa gitaa ni mojawapo ya mambo ambayo Mungu hakuyaamuru wala hakuyakataza. Anayeuita dhambi anaongeza amri ya 11. Tukumbuke pia kwamba wamisionari wengi waliotuletea Injili walikataza ngoma kanisani kwa maneno yanayofanana na haya. Leo tunapiga ngoma, na Injili haijapungua.

Tena, wazee wangu, katika kikao kilekile tulipitisha mapazia mapya kwa dakika tano. Bei yake ilizidi ya pedali. Hakuna aliyeuliza kama yanamjenga mtu yeyote.

Sasa ninyi vijana wangu, msishangilie. Jambo kuwa halali si sababu ya kulilipia. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba si kila lililo halali linajenga. Na katika sura ya 14 anashuka mpaka kwenye vyombo vyenyewe: filimbi na kinubi visipotoa sauti zilizo wazi, nani atajua kinachopigwa? Hakuwa akichukia muziki. Alikuwa akiuliza kama aliyekaa pale anaelewa.

Litazameni kanisa letu. Juu ni bati, chini ni saruji, kuta ni tupu. Kila mlio unarudi tena na tena. Na distosheni inajaza eneo lilelile la sauti ambamo maneno ya mwanadamu husikika. Ikiingia kwa nguvu, irabu zinabaki na konsonanti zinazama. Mnaimba "Yesu", na nyuma inafika "e-u".

Mwezi uliopita mwinjilisti alipokuwa zamu ya kuhubiri, nilikaa kiti cha nyuma kabisa. Kando yangu alikuwapo bibi mmoja anayejua nyimbo za kitabu cha Tumwabudu Mungu Wetu kwa kichwa. Wimbo ulipoanza, alifungua kinywa. Ubeti wa pili alikifunga, akaketi. Baada ya ibada nikamwuliza kama anaumwa. "Siumwi, mwanangu," akasema. "Sikuisikia sauti yangu wala ya jirani. Nikaona mnaimba wenyewe, nikawaachia."

Nikawaachia! Neno hilo sijalala nalo vizuri. Na hiyo ilikuwa pedali ya zamani.

Sisi tunajiita Walutheri. Luther mwenyewe alipiga kinanda cha nyuzi, akatunga nyimbo, na mwaka 1524 akaandika dibaji ya kitabu cha nyimbo cha Johann Walter. Alipenda kwaya nzuri. Lakini alitaka watu wote waimbe, tena kwa lugha yao, kwa sababu kwa muda mrefu sehemu kubwa ya uimbaji wa ibada ilikuwa mikononi mwa makasisi na wanakwaya, kwa Kilatini, na watu wakisikiliza. Je, sisi tumerudi kule? Tumewatoa makasisi wa Kilatini, tukawaweka makasisi wa spika?

Msidhani nazungumza kama mtu asiyejua utamu wake. Nilipokuwa nasoma Makumira nilipiga solo. Mama yangu aliuza mtamba ili ninunue vitabu, nami nikatoa sehemu ya fedha ile nikanunua pedali iliyotumika. Nyumbani nilisema vitabu vimepanda bei. Moyoni nilisema ni kwa utukufu wa Mungu. Ninachokumbuka leo katika ibada zile si sifa; ni macho yangu yakizunguka kuona nani ananitazama. Mwaka niliobarikiwa kuwa mchungaji nilimwambia mama ukweli. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Watu waliimba?" Sikuwa na jibu, maana sikuwahi kuwasikiliza. Pedali ile haikuwa na kosa. Mwenye kosa alikuwa yule aliyeikanyaga.

Mnasema vijana watahama. Nimewafuata nyumbani vijana wengi walioacha ibada. Mmoja hana kazi na anaona aibu sadaka inapopita. Mwingine amegombana na baba yake, ambaye ni mzee wa kanisa. Mwingine aliugua wiki sita, na hakuna mwanakwaya aliyebisha hodi. Hakuna hata mmoja aliyenitajia gitaa. Na anayekuja kwa ajili ya pedali ataondoka kwa ajili ya taa za rangi, kwa sababu daima yupo jirani mwenye taa zaidi.

Basi napendekeza hivi. Fedha hiyo itengeneze kwanza spika zinazokoroma, maana tunazo distosheni tusizoziomba. Inayobaki inunue nyuzi za gitaa na vitabu vya nyimbo kwa watoto wa Shule ya Jumapili, na mpiga solo wetu, ambaye kipawa chake namshukuru Mungu kwacho, awafundishe watoto wanne kupiga. Kwa miezi mitatu, ubeti mmoja wa kila wimbo uimbwe bila chombo chochote, ili tujue kama bado tuna sauti. Nayo mapazia, wazee wangu, yarudi mezani yaulizwe maswali yaleyale.

Baada ya hapo, siku waumini watakapoimba hata vyombo vikalazimika kuwafuata, leteni tena ombi la pedali. Nitakuwa wa kwanza kuliunga mkono, na mzee atakayesema habari za kuzimu atanikuta nimesimama upande wenu.

Mpaka siku hiyo, kijana wangu, fanya jambo moja tu. Kabla hujakanyaga, inua macho utazame kiti cha nyuma. Bibi akiwa anaimba, endelea. Akiwa amefunga kinywa, ondoa mguu.