Kuhamia Dodoma: Nyumba ya familia iwe wapi?

 

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulipitishwa na chama cha TANU mwaka 1973, ukakaa katika makaratasi kwa zaidi ya miaka 40 huku wizara zikiendelea kubaki Dar es Salaam. Julai 2016 Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali yake itahamia huko, na safari hii maneno yakafuatwa na vitendo. Waziri Mkuu alihamia mwaka huo huo. Mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji, na Bunge likapitisha sheria ya kuithibitisha kuwa makao makuu ya nchi. Aprili 2019 Mji wa Serikali ukazinduliwa Mtumba, upande wa mashariki, kwenye barabara iendayo Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao 411,000 katika Dodoma Mjini. Ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000.

Nyuma ya tarakimu hizo wapo watu waliofunga mizigo, na miongoni mwao zimo familia za Kiislamu zilizozaliwa na kukulia mwambao, ambazo Dodoma kwao ilikuwa ni mji wa kupita tu wakati wa kwenda Tabora au Mwanza. Mazungumzo yao mengi ni juu ya kodi ya nyumba na bei ya viwanja. Hayo ni ya lazima, lakini yapo yanayotangulia.

La kwanza ni kama familia inahama au anahama baba peke yake. Tangu uhamisho uanze, wako akina baba waliopanga chumba kimoja Dodoma, wakamwacha mke na watoto Dar es Salaam, wakisema ni kwa muda tu, mpaka mambo yatengemae. Muda ukawa mwaka, na mwaka ukazaa miaka. Treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, safari ambayo kwa basi ilichukua saa saba na zaidi ikawa haizidi saa nne au karibu na hapo. Ni neema ya kushukuriwa. Hata hivyo, kwa baadhi ya nyumba imekuwa sababu ya kuuendeleza utengano, kwa kuwa sasa baba anaweza kuonekana mwisho wa wiki na kila mtu akaridhika kwamba yupo.

Katika Sura At-Talaq, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anaamrisha kuwa wanawake walioachwa, wakiwa katika eda, wakalishwe pale wanapokaa waume zao, kwa kadiri ya uwezo wao, wala wasidhikishwe. Wanazuoni wametoa hapo hoja iliyo wazi: ikiwa huyo aliyekwisha kupewa talaka ana haki ya makazi, basi aliyemo katika ndoa ana haki kubwa zaidi. Na imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.), baada ya kumsikia usiku mwanamke mmoja akilalamikia upweke wa kuondokewa na mumewe aliyekuwa jihadini, alimuuliza binti yake, Bibi Hafsa (r.a.), ni muda gani mke anaweza kustahimili. Akajibiwa kwa miezi. Riwaya nyingine zinataja minne, nyingine sita. Khalifa akaweka kikomo cha kuwaweka askari mbali na wake zao. Hao walikuwa askari vitani. Sijui mtumishi wa ofisini mwenye mshahara na likizo atatoa udhuru gani ulio mzito kuliko wao.

Hatusemi kwamba kila familia ni lazima ihame kesho. Mke naye huenda ana ajira yake, mzazi mgonjwa wa kumuuguza, au mtoto aliye katika mwaka wa mtihani. Tunachosema ni kwamba jambo hili liamuliwe kwa shauri la wawili, si kwa tangazo la mmoja. Tazama Sura Al-Baqara, aya ya 233: kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili kumeshurutishwa na kuridhiana na kushauriana kwa baba na mama. Ikiwa ziwa la mtoto mmoja linahitaji mashauriano, itakuwaje kuihamisha nyumba nzima kutoka mji wa bahari kwenda nyanda za Ugogo? Mama asiyeulizwa atafika Dodoma, atapanga vyombo, na moyo wake utabaki Temeke.

Wakishakubaliana kuhama, ndipo lije swali la mtaa. Hapa nadhani hakuna mwongozo mzuri kuliko dua ya Nabii Ibrahim (a.s.) iliyomo katika Sura Ibrahim, aya ya 37. Alipowaacha mkewe na mwanawe mchanga katika bonde lisilo na mimea, alimweleza Mola wake kwamba amewaweka karibu na Nyumba Yake Takatifu ili wasimamishe swala. Kisha akaomba nyoyo za watu zielekee kwao. Kisha akaomba waruzukiwe matunda. Mpangilio huo unafaa kuzingatiwa: ibada, halafu watu, halafu riziki. Sisi huanza na tonge, yaani ukaribu wa ofisi na unafuu wa kodi, tukaja kuuliza msikiti uko wapi baada ya kulipa kodi ya miezi sita.

Kwa Dodoma hesabu hii ina uzito wake, kwa kuwa jiji limetawanyika sana. Mitaa ya zamani iliyo karibu na soko, kama Majengo, ina msongamano na nyumba zake nyingi ni kuukuu, lakini adhana inasikika na mtoto huenda chuoni kwa miguu. Area C, Area D, Ilazo na Kisasa kuna nyumba bora na barabara nzuri, na kodi nayo ni ya kiwango hicho. Kisha kuna pembezoni zinazokua kwa kasi: Nzuguni na Ihumwa upande wa mashariki, Iyumbu karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma, Mkonze kwenye barabara ya Iringa, Nala kwenye barabara ya Singida. Anayefanya kazi Mtumba akapanga Nala kwa kufuata unafuu, atalivuka jiji zima kila asubuhi, atatoka kabla watoto hawajaamka na kurudi wamekwisha kulala. Aliyekusudia kuwalea ataona kwamba nafuu ya kodi ameilipia kwa saa zake za malezi.

Msikiti wa Gaddafi, uliofunguliwa mwaka 2010, ni miongoni mwa misikiti mikubwa nchini, na mgeni wa Dodoma huonyeshwa huo kwanza. Lakini msikiti mkubwa wa mjini si jibu kwa mtoto wa miaka saba anayekaa kilomita 12 kutoka hapo. Linalohitajika ni msikiti wa mtaa, ule wa kuswalia Alfajiri, na chuo ambacho mwalimu wake anajulikana. Kabla ya kutoa fedha, ingefaa baba afike katika mtaa husika siku moja ya kazi, aswali hapo Magharibi na Isha, awahesabu vijana walio katika safu, azungumze na imamu. Mama naye aulize kama wanawake wana mahali pa kuswalia na darsa la kuhudhuria. Saa hizo mbili zitamweleza mengi ambayo dalali hatamweleza.

Na aliyeangukia mtaa wa mbali asione kuwa amekosa kheri. Katika hadithi iliyomo ndani ya Sahih Muslim, kabila la Banu Salima walitaka kuhama majumba yao yaliyokuwa mbali ili wasogee karibu na Msikiti wa Mtume (s.a.w.). Yeye akawataka wabaki walipo, akawajulisha kwamba nyayo zao zinaandikwa. Katika riwaya ya Bukhari kuna ziada kwamba hakupenda pembezoni mwa Madina paachwe patupu. Waislamu wanaojenga leo Nala au Ihumwa, na kukuta hakuna msikiti jirani, wamo katika nafasi ya Banu Salima. Kumi kati yao wakikaa karibu karibu wataweza kuanzisha swala ya jamaa barazani kwa mmoja wao na kumlipa mwalimu wa watoto. Mmoja mmoja, huku na huko, hawataweza.

Tusipuuze pia hali ya nchi. Imepokewa katika tarikh kwamba baada ya Al-Madain kufunguliwa, Sayyidna Umar (r.a.) aliuona ujumbe uliotoka huko umebadilika rangi na kudhoofu, akauliza sababu, akaambiwa ni hewa ya nchi ile. Ndipo alipomwandikia Saad bin Abi Waqqas (r.a.) awatafutie watu mahali panapowafaa, na mwaka 17 Hijria ukaanzishwa mji wa Kufa. Tena Abubakar na Bilal (r.a.) waliugua homa walipofika Madina, na Mtume (s.a.w.) akaomba mji ule upendezeshwe kwao na ufanywe wenye siha. Kwa hiyo kuulizia hewa na maji si udhaifu wa imani.

Dodoma iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua yake kwa mwaka ni milimita 600 au chini ya hapo, na huanguka takriban yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine ni ukavu, upepo na vumbi; Juni na Julai usiku ni wa baridi ambayo mtoto wa Kariakoo hajapata kuijua. Maji ya jiji kwa sehemu kubwa hutoka visima vya Mzakwe, na ongezeko la watu limeyafanya yawe ya mgawo katika mitaa mingi. Muulize jirani, wala usimuulize mwenye nyumba, maji hutoka siku gani na tangi ni la lita ngapi. Nyumba yenye watu wanane wanaotawadha mara tano si sawa na nyumba ya mpangaji mmoja. Mwenye kujenga atazame udongo, maana mfinyanzi wa Dodoma huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa jua, nao hupasua kuta za msingi dhaifu. Mabondeni nako, licha ya ukame wote huo, maji ya mvua huingia ndani. Baadhi ya wakazi wa Nkuhungu wamekwisha kuyaona hayo.

Suala la viwanja linatisha zaidi. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake kukabidhiwa halmashauri. Ilikuwa ikitoa hati za miaka 33, na serikali ikaelekeza zitolewe za miaka 99. Katika mabadiliko hayo walipatikana watu wenye karatasi za zamani, wenye karatasi mpya, na wenye shamba la babu wasio na karatasi yoyote, wote wakidai ardhi moja. Mnunuzi wa haraka anayekabidhi fedha kwa dalali bila kwenda ofisi ya ardhi ya jiji anaweza kupoteza akiba ya miaka kumi. Upo mtihani mwingine usiosemwa sana: Mgogo mkulima anayeuza ekari zake kwa bei ya njaa kwa kuwa hajui kwamba barabara inapita mwakani, na mnunuzi anayejua akanyamaza. Mtume (s.a.w.) ametahadharisha kwamba mwenye kudhulumu ardhi hata ya shubiri moja atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiama. Nyumba ya kuwalelea watoto juu ya Qur'an isianzie kwenye msingi wa namna hiyo.

Kuhusu mkopo wa nyumba wenye riba, hukumu yake inajulikana na sitairefusha. Zipo benki zinazofuata sharia nchini, Amana ikiwa imeanza mwaka 2011, na nyingine za kawaida zimefungua madirisha ya aina hiyo, ambamo benki hununua nyumba na kumuuzia mteja kwa faida iliyotajwa wazi. Na kupanga si aibu. Ningemshauri anayehamia apange walau mwaka mmoja, aone kiangazi na masika, ndipo anunue.

Waislamu wa mwambao wasidhani wanakwenda ugenini kabisa. Misafara ya Bagamoyo na Tabora ilipita Ugogo kabla ya reli ya Wajerumani, na katika mkoa huo huo kuna Kondoa, wilaya ambayo Uislamu una mizizi mirefu. Abdullah bin Salam (r.a.) amesimulia kwamba maneno ya mwanzo aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.) alipoingia Madina yalikuwa kuwataka watu waeneze salamu, walishe chakula, waunge udugu na waswali usiku wakati watu wamelala. Muhajirina walifika kwa wenyeji, na mgeni wa Dodoma hali kadhalika anafikia kwa wenyeji, Waislamu na Wakristo. Bibi wa Kigogo akisema "mbukwenyi" mlangoni pako, hiyo ni salamu. Itikia, mkaribishe, na watoto wako wajifunze kumwita bibi.

Jambo la mwisho ni dogo, na wengi hulikosea. Dodoma iko magharibi ya Dar es Salaam, hivyo jua huzama huko dakika zipatazo 14 baadaye. Ratiba ya swala ya Dar es Salaam iliyobandikwa ukutani, au adhana ya redio inayorushwa kutoka huko, haifai kufuturia Dodoma; mwenye kuifuata atakuwa amekula jua halijazama. Na kibla, ambacho Dar es Salaam ni karibu kaskazini kamili, Dodoma huinama kiasi cha nyuzi 8 kuelekea mashariki. Mkifika katika nyumba mpya, kabla ya kutandika mazulia, pimeni.