Mnamcheka dada wa gari-nyumba? Haya, nyanyueni na magodoro yenu tuone!

Wiki hii naona watu wamemvaa dada mmoja Mbongo anayeishi Uingereza kwenye gari-nyumba, lile gari lenye kitanda, jiko na choo humo humo. Jina nalihifadhi, wenye macho mmeshamjua. Kwa muda mrefu katulisha picha kali: kikombe cha chai mkononi, mlango wazi, nyuma milima. Tukamwaga laiki, tukaandika "maisha ndo haya".

Sasa juzi kaposti video kanyanyua godoro, chini lote limeota ukungu mweusi, machozi yanamtoka. Ikawa shughuli. "Mchafu huyo." "Bora chumba changu cha Mbagala." "Si ulijifanya Mzungu?" Mimi leo napingana na nyie, na najua mtanitolea povu.

Kwanza, ule sio uchafu, ni maji. Mtu akilala anapumua na kutoa jasho, na ule mvuke lazima uende mahali. Ndani ya gari dogo lililofungwa madirisha yote kwa sababu ya baridi, unagonga kioo na bati la baridi unageuka matone. Si unaona soda ya baridi inavyolowa nje ukiiweka mezani? Ndo hivyo hivyo. Godoro nalo likilazwa juu ya ubao mtupu, juu kuna joto la mwili, chini baridi, hewa haipiti. Kitu kikishalowa, siku moja au mbili zinatosha ukungu kuanza. Hata ufue shuka kila siku.

Alipokosea nitasema pia. Kwenye komenti alijibu kwamba usiku anafunga kila kitu na kuwasha jiko la gesi apate joto. Dada yangu, hapana! Kilo moja ya gesi ikiungua inatoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji, yaani unajinyeshea mvua mwenyewe. Halafu kuna ile hewa ya sumu isiyo na harufu, unalala huamki.

Cha kufanya sio kigumu. Acha tundu la juu na dirisha wazi kidogo hata kama kuna baridi. Funika sufuria ukipika. Taulo na koti lililolowa usianike ndani. Asubuhi futa vioo. Weka chaga chini ya godoro na ulinyanyue kila siku lipate hewa. Kagua mpira wa madirisha na paa kama panavuja. Nunua kipima unyevu, kikizidi asilimia 60 ujue hapo hamna usalama. Na godoro lililoingia ukungu mpaka ndani, tupa tu, hata kama roho inauma.

Sasa nije kwangu. Mwaka juzi masika nilikuwa naishi na mdogo wangu kwenye chumba kimoja, dirisha moja. Tunapika humo, tunaanika nguo humo. Ukungu ukatoka nyuma ya kabati. Nikafanyaje? Nikapaka rangi juu yake, nikapiga picha, nikaposti "muonekano mpya". Laiki zikaja za kutosha. Wiki tatu ukungu ukarudi, na mdogo wangu ana pumu. Usiku mmoja akabanwa kifua mpaka tukamkimbiza hospitali na bajaji. Ile usiku sikuiposti.

Ndo maana huyu dada siwezi kumcheka. Mimi nilipaka rangi, yeye kanyanyua godoro mbele ya watu wote. Kila siku tunalalamika mastaa wanaigiza maisha, halafu mmoja akituonesha ukweli tunamchamba mpaka analia tena. Wengine wanaona, nao wanazidi kupaka rangi. Sisi wenyewe ndo tunawafundisha kudanganya.

Usiku wa leo kabla hujakomenti kwake, sogeza kabati lako, nyanyua godoro lako. Umekuta nini? Njoo useme hapo chini bila aibu. Atakayemcheka mwenzie namfutia komenti, sitanii.