Sebule Isiyozeeka

Mavuno yakiisha na mahindi yakishauzwa, wengi wetu hapa Songea huanza kufikiri juu ya nyumba. Huyu huezeka bati, yule husakafia, na mwingine ambaye nyumba yake imekwisha hutaka kupamba sebule. Ni jambo jema. Sebule ndiyo uso wa nyumba, na mgeni huijua nyumba kwa sebule kabla hajaonja chakula chake. Lakini yafaa tuulizane: sebule nzuri ni ipi? Mimi nasema ni ile iwezayo kupokea watu wengi siku yoyote, na ambayo baada ya miaka ishirini bado haimwaibishi mwenyewe. Sebule ya namna hiyo haitaki fedha nyingi. Yataka akili na uvumilivu.

Angalieni jinsi sebule ya kijijini inavyotumika. Jumapili jamaa huongea pale. Jioni watoto husoma pale. Jumuiya ikifika kusali, watu ishirini hukaa pale. Posa hupokelewa pale. Na siku ya msiba vyombo vyote hutolewa nje, mikeka hutandikwa, marehemu hulazwa, na akina mama hukaa chini pamoja na wafiwa. Hakuna nyumba isiyofikiwa na siku hiyo. Basi, kipimo cha kwanza cha sebule ni hiki: je, yaweza kuwa tupu kwa muda wa nusu saa?

Kazi yangu ya ukarani wa parokia hunifikisha katika nyumba nyingi. Katika kijiji kimoja bwana mmoja alichukua makochi makubwa kwa malipo ya kidogo kidogo. Yaliingizwa ndani kabla fremu ya mlango haijawekwa. Mwezi wa pili, mvua ikiwa nyingi, mama yake mzazi alifariki. Vijana walipotaka kuyatoa makochi, yalikwama mlangoni. Wakayarudisha, wakayasimamisha ukutani, na jeneza likawekwa katika nafasi iliyobaki. Dada za marehemu, mabibi wazee, walikaa nje chini ya turubai, maji yakipita miguuni pao. Bwana yule hakuwa mtu mbaya. Alitaka kuiheshimu nyumba yake. Lakini makochi yalichukua mahali pa watu, na deni lake lilikuwa halijaisha, na watoto walikuwa bado wadai madaftari.

Sasa tuone la kufanya.

Tuanze na kuta. Rangi isiyopitwa na wakati ni nyeupe ya chokaa. Nunua chokaa ya mfuko, iloweke usiku kucha katika ndoo, asubuhi uichuje kwa kitambaa na kutia chumvi kidogo ili ishike. Lowesha ukuta kwanza, kisha paka nyembamba mara mbili au tatu. Usiogope ukiona kama haikushika. Chokaa ikiwa mbichi haionekani sana, hung'aa ikikauka. Jihadhari na macho, na watoto wasikaribie ndoo. Sehemu ya chini ya ukuta, kimo cha mgongo wa kiti, ipakwe udongo mwekundu au rangi nzito, maana hapo ndipo mikono ya watoto na migongo ya viti hugusa. Shule nyingi hufanya hivyo, na sababu ni hiyo hiyo.

Ikiwa bado unajenga, nakupa shauri moja kutoka pwani. Huko Lamu, katika nyumba za mawe za karne ya 18, mafundi waliacha vidaka ukutani, yaani vishimo vya mraba vya kuwekea vyombo vizuri. Vyumba vile vilikuwa na kuta nyeupe na vyombo vichache tu, hata hivyo watu wa dunia nzima huenda kuvitazama. Mji ule wa kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001. Nasi tunaofyatua na kuchoma matofali twaweza kumwambia mwashi atuachie vidaka viwili au vitatu, ikiwa ukuta ni mnene wa kutosha. Kimoja kiwe cha msalaba, kimoja cha vitabu, kimoja cha taa. Kabati halitahitajika.

Tuje kwa viti. Mkoa wetu wa Ruvuma umejaliwa mninga. Kiini chake ni chekundu cha kahawia, mchwa hawakipendi, nacho hakijikunji sana kikikauka. Kiti cha mninga kilichoungwa vizuri mtu humwachia mwanawe. Mafundi hatuwakosi. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na katika karakana zao vijana wengi wa nchi hii walijifunza useremala na uashi, nao wakawafundisha wengine. Agiza kiti kimoja mwaka huu na kingine mwaka ujao. Si lazima vyote vije siku moja. Lakini uliza mbao zimetoka wapi, maana mninga hukua polepole sana, na kuukata bila kibali ni kosa, tena ni kuwanyima wajukuu.

Mwambie fundi mambo matatu. Kwanza, apime mlango wako kabla hajakata ubao. Pili, kiti kiwe chepesi, watu wawili wakibebe bila shida. Tatu, mito iwe ya kuondoa, yenye foronya za kitenge za kufuliwa. Kochi lililoshonewa sponji na kitambaa vikichakaa, limekwisha. Kiti cha mbao huvishwa foronya mpya kikawa kipya. Kila mwaka ukipake nta. Yeyusha sehemu moja ya nta ya nyuki pamoja na sehemu nne za mafuta ya alizeti katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji moto, wala usiweke chombo hicho juu ya moto wenyewe. Ikipoa, paka kwa kitambaa na kusugua mpaka ing'ae.

Mikeka isikose. Uwe nayo minne au zaidi, ya ukindu au milala, iliyokunjwa na kuwekwa juu mahali pakavu. Ndiyo viti vya watu wengi.

Mwisho ni mapambo. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuzidisha. Maua ya plastiki hushika vumbi, na kalenda za miaka iliyopita hazina kazi. Chagua vichache vilivyofanywa kwa mikono ya watu: kikapu cha Iringa, chungu cha wanawake wa Kikisi wa Ikombe, karibu na Matema, ambao vyungu vyao vimesifiwa tangu zamani pwani za Ziwa Nyasa, kitambaa alichofuma binti yako, kimoja mezani, si juu ya kila kitu mpaka redio na televisheni. Picha ya arusi ya wazazi itundikwe mahali pa kuonekana. Mgeni atauliza habari zake, na maongezi yataanza.

Wako watakaosema, “Majirani watanicheka, watasema sina kitu.” Ndugu yangu, jirani atacheka juma moja. Atakapokuja kwako siku ya posa ya binti yako akapata pa kukaa, au siku ya msiba akapata mkeka mkavu, hatacheka tena. Usione vyaelea, vimeundwa.

Basi leo jioni simama mlangoni pa sebule yako. Uhesabu ni watu wangapi wanaweza kukaa humo, kisha upime upana wa mlango. Ukiwa na hesabu hizo mbili mkononi, ndipo uende kwa fundi.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya jiko lisilo na moshi.